Kumvuta Mkwe Mlimani

Wajukuu wangu hucheka kabla sijafika hata kwenye lori, kwa hiyo safari hii nimeamua kuandika. Karatasi angalau itanivumilia mpaka mwisho.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dereva katika gereji ya Kalasinga mmoja pale Arusha mjini, na kichwa changu kilikuwa kimejaa vitu viwili: kofia na binti wa watu. Kofia ilikuwa na ukingo mweusi unaong'aa, na niliivaa hata kanisani mpaka siku mzee wa kanisa alipoivua kwa mkono wake mwenyewe. Binti alikuwa Mmeru, kwao ni juu ya Makumira, kwenye kahawa na migomba. Mimi ni Mchaga wa Machame. Yeye alikuwa amekwisha kunikubali, tena kwa maneno machache tu. Aliyekuwa bado hajanikubali ni baba yake.

Jumapili nne mfululizo nilipanda kwao, nikakaa barazani na kofia yangu gotini, nikingoja neno moja: washenga wangu waje au wasije. Hakusema waje, hakusema wasije. Alikuwa ananitazama kofia, kisha ananiuliza habari za mvua. Nikijibu ilinyesha, anasema vizuri. Nikijibu haikunyesha, anasema vizuri. Mtu wa aina hiyo utamsoma vipi?

Nami nilikuwa nimeamua kumshinda kwa heshima. Kwetu na kwao, baba mkwe hapingwi, haamrishwi, wala hakodolewi macho. Hayo nilifundishwa nyumbani. Lakini mimi nilizidisha. Aliposema jua ni kali siku ya mawingu, nilijifuta jasho. Siku moja aliniita kwa jina la mtu mwingine, nikaitika, na nikaendelea kuitika jina hilo wiki mbili nzima. Binti alipouliza kwa nini, nikamwambia ni adabu. Akanitazama sana.

Basi ikatokea pikapu.

Mzee na majirani zake kumi na mmoja walikuwa wameungana wakainunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Ngare Nanyuki, ng'ambo ya mgongo wa Mlima Meru. Huko ndiko Mzee mwenyewe alikokuwa na zizi lake kabla Serikali haijawaondoa kuwapisha wazungu, na nadhani kulikuwa na kitu kilichomfurahisha katika kutoka huko na mali ya mzungu. Pikapu ilikuwa nzito, chuma kitupu, na waliitaka ya kubebea kahawa mpaka Usa River. Ila injini yake ilikuwa imekufa kabisa. Ilibidi ivutwe kupita mlimani kwa njia ya zamani ya mashamba, siyo hii wanayopita watalii leo. Njia ile ilipanda ikapanda, ikafika kileleni pa mgongo, kisha ikashuka kwa kona kali msituni mpaka kwenye mashamba ya Wameru.

Jumapili ya tano Mzee akasema, bila kumtazama mtu yeyote, kwamba wanatafuta mtu wa kuivuta. Wee! Nilisimama kabla hajafunga mdomo.

"Baba, hiyo ni kazi ndogo."

Ndivyo nilivyosema. Kazi ndogo! Ningekuwa na akili ningekaa chini nikauliza habari za mvua.

"Usukani wa pikapu nitaushika mimi," Mzee akasema.

Hilo halikumshangaza mtu. Ilijulikana mlima mzima kwamba Mzee alikuwa na malori vitani Burma. Majirani walimwita Dereva, na watoto walimwita Baba Dereva. Hakuna aliyewahi kumwona akiendesha, lakini pia hapakuwa na gari la kumwona nalo.

Kalasinga wangu alikuwa mtu mkali mwenye roho nzuri, na roho yenyewe aliificha kama mtu anavyoficha deni. Alikubali kunipa lori lake la zamani la jeshi. Kisha akachukua chaki, akachuchumaa sakafuni, akanichorea mlima.

"Sikiliza," akasema. "Wakati wa kupanda, lori ndilo bwana. La nyuma linafuata tu. Wakati wa kushuka, la nyuma ndilo bwana. Yeye wa nyuma ndiye anayeshika breki, wewe unaongoza njia tu. Mnyororo ukae umekaza muda wote. Ukiona umelegea, ujue pikapu inakuja kukupanda mgongoni."

Akaendelea. Katikati ya mnyororo ning'inize gunia lililolowa maji, ili ukikatika usiruke kumkata mtu kichwa. Kila nikisimama niweke mawe kwenye magurudumu. Kushuka ni gia ya kwanza, na mkono usiguse gia tena mpaka chini. Honi moja, wa nyuma akanyage breki. Honi mbili, aachie. Na kabla ya kuondoka, wa nyuma akanyage breki huku mimi nasukuma gari kwa bega. Likigoma kwenda, twende. Likienda, nirudi nyumbani.

"Nani anakaa nyuma?"

"Mzee mwenyewe. Alikuwa na malori Burma."

"Umemwona akiendesha?"

"Nimemwona," nikasema.

Uongo huo ulinitoka kwa ulaini wa ajabu. Kalasinga akanipa nafasi nyingine: nimchukue mwenzangu wa gerejini akae nyuma. Nikakataa. Mwenzangu huyo alikuwa na meno mazuri na maneno mengi, na mimi sikwenda kwa mkwe kumpelekea mchumba mwingine. Nilitaka sifa yote iwe yangu peke yangu. Nimelisema.

Tulifika kwa yule mzungu asubuhi, Mzee kakaa kando yangu kwenye lori, amevaa koti lake la vitani na kofia ya pama. Pikapu niliikuta imejaa. Mzee alikuwa ametuma watu jana yake wakapakia nguzo za mtarakwa mpaka juu, na juu ya nguzo wakalaza birika la chuma la kunyweshea ng'ombe. Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Breki ya mkono ilikuwa imekatika zamani, imebaki kishikio tu. Dereva yeyote mwenye akili timamu angesema: pakua.

"Baba amepanga vizuri sana," nikasema.

Nikafunga mnyororo, nikaning'iniza gunia langu lililolowa. Ikabaki kujaribu breki. Nikasogea kwenye dirisha la pikapu, ambako Mzee alikuwa amekwisha kukaa, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele. Jamani, ningesema tu "kanyaga breki, baba, nijaribu kusukuma." Lakini kumwambia mkwe akanyage ni kumwamrisha, na kusukuma gari nione kama amekanyaga ni kumpima. Nikavua kofia.

"Baba, samahani. Kama si usumbufu, na kama itakupendeza, huenda ukapenda kuona kama gari liko tayari."

"Liko tayari," akasema.

"Nashukuru, baba."

Huo ndio ulikuwa ukaguzi wangu wa breki.

Ikaja habari ya honi. Nilimweleza kwa kuzunguka, nikaanzia mbali, nikafika polepole. Akageuza kichwa.

"Unipigie honi? Mimi? Kama mbuzi aliyelala barabarani?"

Nikawaona washenga wangu wakigeuka njiani na kurudi Machame.

"Hapana, baba! Sitapiga. Nitapunga kitambaa dirishani."

"Kitambaa ni sawa," akasema.

Kupanda kulikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniharibu. Upande ule ni mkavu, udongo wa majivu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Lori lilinguruma, mnyororo ukakaza, pikapu ikafuata. Kila kona mbili nasimama, naruka chini, naweka mawe, namwagia rejeta maji. Mzee nyuma alikuwa anageuza usukani vizuri tu. Kufika katikati nilianza kupiga mluzi. Kufika juu nilikuwa nimekwisha kuchagua jina la mtoto wa kwanza.

Kileleni tukapumzika. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka upande wa msitu, na upande huo ndiko tulikokuwa tunakwenda. Mzee akatoa kibuyu cha maziwa ya mgando, akanimiminia kwanza mimi. Tukanywa. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Breki ya lori lako iko mahali pamoja na ya hii yangu?"

"Zote ni sawa, baba."

"Sawa namna gani?"

"Sawasawa kabisa, baba. Hayo baba anayajua kunishinda mimi."

Akatazama ndani ya kikombe. Akamalizia maziwa yake, akarudi kwenye pikapu taratibu.

Mpaka leo nikikumbuka swali hilo naona aibu. Mtu mzima alikuwa ameinama chini kadiri alivyoweza kuinama mbele ya kijana mwenye kofia, akaniomba msaada, nami nikampa sifa.

Tukaanza kushuka. Upande wa msitu hauna vumbi; kuna utelezi, majani yaliyooza, na maji yanayochirizika njiani mwaka mzima. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo ambalo chini yake unasikia mto lakini huuoni. Nikaweka gia ya kwanza kama nilivyoambiwa. Kwenye kona ya kwanza nikatazama kioo, nikaona mnyororo unaburuta chini.

Nikatoa mkono dirishani, nikapunga kitambaa.

Mzee akatoa mkono wake, akanipungia kofia.

Nikapunga tena, kwa nguvu. Naye akapunga kwa nguvu. Loo! Nimeshika usukani wa lori la jeshi kwa mkono mmoja kwenye utelezi, mkono wa pili unasalimiana na mkwe. Ndipo pikapu ikanigonga kwa nyuma, du! Kichwa changu kikaenda mbele kikarudi.

Mtajua jinsi nilivyokuwa mgonjwa wa adabu nikiwaambia nilichosema. Nilisema, "Samahani, baba." Peke yangu, ndani ya lori.

Ikanigonga mara ya pili, ikatusukuma wote wawili mpaka lori likaanza kuteleza. Nikakanyaga breki zangu, na hilo ndilo kosa ambalo Kalasinga alikuwa amelichora kwa chaki mbele ya macho yangu, maana lori lilipojishika, pikapu haikujishika. Ikachepuka. Ikaacha kunifuata nyuma, ikaja kando, upande wa korongo. Nikageuza shingo kulia, nikamwona baba mkwe wangu ananipita.

Ananipita, nasema! Tuko sambamba, dirisha kwa dirisha, kama watu wawili wanaokwenda mnadani. Kofia iko kichwani, mikono miwili imeng'ang'ania usukani, nguzo za mtarakwa zinacheza nyuma yake. Gurudumu lake la mbele lilikuwa linakata majani ya ukingoni. Alinitazama. Nilimtazama. Alikuwa na hofu usoni kama mtoto, na mimi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikuogopa tena kukosa mke. Niliogopa kwamba mtu huyu atakufa mbele yangu sasa hivi, na mimi nimeshika kitambaa.

Basi nikapasuka.

"Kanyaga breki! Kanyaga! Kanyaga, mzee mjinga wewe! Mbuzi wee, utatuua! Kanyaga breki!"

Nilisema kwa Kichaga, na Kichaga cha Machame na Kimeru ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hapakuwa na neno lililompotea. Kofia yangu ilitoka kichwani ikaenda korongoni. Na kutoka kwenye pikapu ikaja sauti, sauti kubwa nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwa Mzee yule:

"Ni ipiii?"

"Ya katikatiii!"

Akakanyaga. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, nilimwona akinyanyuka kwenye kiti. Magurudumu yakashika, matope yakaruka, pikapu ikaserereka kidogo, ikasimama. Gurudumu moja la mbele lilikuwa nusu hewani. Birika la chuma lilichomoka juu ya nguzo, likaenda zake chini, na tulilisikia likigonga mawe kwa muda mrefu sana.

Nikaruka, nikaweka mawe. Niliweka mawe mengi kuliko yaliyohitajika, nikayaweka na kwenye magurudumu ya lori, nikatafuta mengine, kwa sababu mawe yakiisha itabidi nimtazame Mzee. Hatimaye yakaisha. Alikuwa amekaa kwenye shina lililoanguka, kofia mkononi. Nikasimama mbele yake kichwa wazi.

"Umeniita mjinga," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Halafu mbuzi."

"Ndiyo, baba."

"Mbuzi tena."

"Mara moja tu, baba."

Akafikiri. Nilikuwa na hakika mambo yamekwisha. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyomweleza binti, nikaona hakuna namna.

"Burma," akasema, "nilikuwa mpishi."

Ndege alikuwa analia msituni huko.

"Malori yalikuwa yanatuletea mchele. Niliyaona kila siku. Nilirudi, nikasema nilikuwa na malori, na kweli nilikuwa nayo. Wao ndio waliosema dereva. Mara ya kwanza niliwaacha waseme. Baadaye nikaona nimechelewa kuwasahihisha." Akaigeuza kofia mikononi. "Nilikuuliza kule juu."

"Uliniuliza, baba. Mimi ndiye mjinga."

Hakubisha.

Akauliza kona zimebaki ngapi. Nikamwambia ni nyingi, tena kali kuliko hii. Akauliza kama inawezekana kuiacha pikapu hapo. Nikasema inawezekana, tukaite watu, tukaite Kalasinga. Akatazama chini kuelekea kwake, ambako majirani kumi na mmoja walikuwa wanamngoja Dereva alete gari.

"Nifundishe," akasema.

Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikampa baba mkwe amri. "Kwanza tunapakua, baba."

Tukapakua nguzo zote, tukazipanga kando ya njia. Tukafunga mnyororo upya, kwa lori tukairudisha pikapu njiani taratibu. Nikamweka kwenye kiti, nikapiga magoti matopeni mlangoni, nikashika kiatu chake kwa mkono wangu nikakiweka kwenye breki. Hii hapa. Siyo ya kushoto. Siyo ya kulia. Kanyaga, baba. Nikazunguka nyuma nikasukuma kwa bega mpaka mishipa ikanisimama. Haikwenda. Achia. Ikasogea. Kanyaga. Ikagoma. Tulifanya hivyo mara nyingi, na mara ya mwisho nilimwona anatabasamu.

"Sasa upige honi," akasema. "Na honi isipotosha, tumia mdomo."

Honi ya lori la jeshi ilifanya kazi kona tatu, ikakata roho. Kona zote zilizobaki nilishuka nimetoa kichwa dirishani, nikipiga kelele kama mchunga ng'ombe: kanyaga, achia, kanyaga, kanyaga nimesema, achia sasa, una usingizi? Mwanzoni niliongeza "baba" mwisho wa kila amri. Baadaye pumzi hazikutosha. Lakini mnyororo ulikaa umekaza, kona kwa kona, mpaka tukatoka msituni, tukaingia kwenye kahawa, na breki za pikapu zikinuka moto. Mzee yule alishika breki vizuri kuliko madereva wengi niliofanya nao kazi baadaye. Hilo nitaliapa popote.

Tukaingia uani kwake jioni haijafika. Watu wote walikuwapo: majirani kumi na mmoja, wake zao, vikapu vya kahawa vimetuliwa kando. Mzee akashuka polepole, akalifunga koti lake vifungo vyote. Mimi nikasimama kando ya lori, sina kofia, nimejaa matope mpaka magotini.

"Pikapu imefika," Mzee akasema.

"Eee," wakaitikia.

"Huyu kijana ana heshima." Akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Kutoka ng'ambo ya mlima mpaka hapa, hakuniinulia sauti hata mara moja."

Jirani mmoja akaanza kukohoa, akainama, akaendelea kukohoa mpaka mke wake akampiga mgongoni.

"Eee," wakaitikia wengine.

"Jumapili washenga wake waje."

Neno nililolingoja Jumapili tano! Nikafungua mdomo niseme asante, baba. Hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha yote huko mlimani, nikabaki napanua midomo kama samaki. Binti akatokea upande wa jikoni, ameinamisha macho, mama yake kamtuma, akanipa kata ya maziwa ya moto yenye asali, dawa ya koo lililokauka. Nilikunywa yote. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia kwa furaha. Sikujiuliza hata kidogo jikoni walijuaje kuwa koo langu limekauka.

Tukaoana. Mzee hakushika usukani tena. Walipata kijana wa kuendesha, yeye akawa anakaa kando yake na kumwonya kila mteremko, na waliendelea kumwita Dereva. Mimi niliitunza siri yake kwa uaminifu uliopita kiasi, kama kawaida yangu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu, miaka yote hiyo. Siku tuliyomzika, majirani wawili waliosalia katika wale kumi na mmoja walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema tumempoteza Dereva wetu. Nikasema moyoni, wazee wa watu hawajui.

Tuliporudi nyumbani nikaona sasa naweza kumwambia mke wangu. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamweleza yote: kitambaa, korongo, matusi, mpishi wa Burma. Hakuacha kumenya.

"Tulikuwa tunachuma kahawa chini ya ule msitu," akasema. "Sauti inashuka pale yote. Mama alitua kikapu akasema, Mungu wangu, kuna mtu anamwita mume wangu mbuzi."

Nilihisi masikio yananiwaka moto, uzee wangu wote huo. "Kwa hiyo pale uani wote mlijua nimemtukana! Na mkaninyamazia!"

"Nani alikunyamazia wewe?" akasema. "Wewe tulikucheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu tukasikia sauti ya Baba ikiuliza, ni ipi. Hapo hakucheka mtu. Mama alipita kwenye kila mti wa kahawa, kwa kila mchumaji, akawaambia: hilo hamjalisikia."

Akachukua ndizi nyingine.

Nikawaona tena watu wale uani, mmoja anakohoa, wengine wanaitikia eee. Wote walijua, na wakaendelea kumwita Dereva mpaka wakamfukia. Na mimi miaka yote nilidhani kwamba mwenye adabu ni mimi. Nikalia, nasema wazi, nikalia na kucheka kwa pamoja, na mke wangu akanisogezea kisu na ndizi zilizobaki.